Saba Mara Nane

Wiki iliyopita nilikwenda Kilosa mjini kutoa kopi ya karatasi za shamba. Binti wa steshenari akawasha kompyuta ya zamani, ile yenye kioo cha mgongo mrefu, akaniambia, "Subiri kidogo mama, hii mpaka ichemke." Ikachemka kweli. Vumbi lililolala ndani yake likaanza kuungua polepole juu ya plastiki, na harufu ikanijia usoni, kali kidogo, tamu kidogo, kama nywele zilizopitishwa karibu na moto. Nikashika kaunta. Binti akadhani naumwa, akanivutia kiti. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ina umri karibu sawa na wake.

Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza, Mikumi. Baba alikuwa ametangulia zamani. Tulibaki watatu: mimi, Zuhura aliyekuwa anaingia darasa la nne, na Idi, ambaye bado alikuwa anakojoa kitandani. Shule niliiacha bila kuambiwa na mtu. Asubuhi moja niliamka, nikajifunga kanga badala ya kuvaa sketi, nikawasha moto nikakaanga mihogo ya kuwauzia abiria wa mabasi. Watu husema "fulani aliacha shule" kama vile alikuwa ameishika mkononi akaiweka chini. Shule haikuwekwa chini na mtu. Iliendelea na safari yake, kengele nikiisikia kila siku nikiwa na beseni kichwani.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa anaishi Kilosa na kulima mpunga Tindiga. Kila mavuno alituletea gunia, na kwa gunia hilo alikuwa ndiye mkubwa wetu. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akanywa chai yake yote kabla hajasema.

"Huyu Zuhura," alisema, "akifaulu mtihani wa darasa la nne, aendelee. Akifeli, kuna mama mmoja Morogoro anatafuta binti wa kazi za ndani. Mtoto asiyeshika darasani mimi sitahangaika naye."

Zuhura alikuwa hatua tatu kutoka pale, anamenya mihogo. Hakuinua kichwa. Kisu tu kilisimama.

"Sawa, mjomba," nilijibu.

Zuhura kusoma alijua. Kilichomshinda ni hesabu, na katika hesabu ni kuzidisha. Ukimuuliza sita mara saba aliangalia juu, kwenye bati, kana kwamba jibu limetundikwa huko. Kwa hiyo nilijua kazi yangu ya mwaka ule ni moja tu: jedwali la kuzidisha liingie kichwani mwa mdogo wangu kabla ya mtihani, la sivyo atafua nguo za watu wasiojua hata jina la mama yetu.

Kando ya barabara kuu kulikuwa na kituo kilichofundisha kompyuta bure kwa vijana walio nje ya shule. Kompyuta nane, zote za zamani, zililetwa na wageni waliokuja kuangalia tembo, na zikipata moto zilitoa harufu ile ile ya vumbi linaloungua. Lori zito likipita, vioo vya madirisha vililia na vipanya vya kompyuta vikatembea vyenyewe juu ya meza. Mimi nilikwenda alasiri, mabasi ya mchana yakishapita, mikono bado inanuka mafuta ya kukaangia. Mwalimu wetu aliitwa Gasto, kijana wa Morogoro mjini, suruali ya kubana, maneno ya Dar. Wasichana wote alituita "sista". Alitufundisha kuandika programu ndogo: amri ya kuonyesha maneno kwenye kioo, amri ya kuuliza na kusubiri jibu, amri ya kulinganisha jibu na kitu kingine. Siku niliyofanikiwa kuifanya kompyuta iniulize jina langu na kunisalimia, nilirudi nyumbani nikiwa na wazo. Nitamtengenezea Zuhura programu ya kumuuliza hesabu. Mimi naweza kuchoka au kukasirika naye. Kompyuta haichoki.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka tulivyofundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unanakili. Akifuta kabla hujamaliza, unanakili kwa jirani. Ukichelewa kuhesabu namba asubuhi unaandika "Sitachelewa tena" mara mia, na mia hizo zinahesabiwa. Mwanafunzi mzuri alikuwa yule ambaye daftari lake limejaa. Basi nami nikafanya nilichokuwa nimefundishwa. Nilichukua daftari la Zuhura, nikaligeuza, na kutoka kwenye lile jedwali lililochapwa nyuma ya jalada nikaanza kunakili ndani ya kompyuta, swali moja moja, kuanzia mbili mara moja.

Kila swali lilikula mistari mitano. Wa kwanza unauliza: mbili mara moja ni ngapi? Wa pili unasubiri. Wa tatu unasema, jibu likiwa mbili, andika "Safi sana Zuhura!" Wa nne unasema, la sivyo, andika "Umekosea." Wa tano unamwonyesha jibu lenyewe. Halafu mistari mitano mingine ya mbili mara mbili. Halafu mingine. Hadi kumi na mbili mara kumi na mbili ni maswali mia moja thelathini na mawili, na mimi nilikuwa nachapa kwa vidole viwili.

Kuhusu kompyuta niliamini mambo mawili ambayo leo naona hayakai nyumba moja. Niliamini ni kama karani mgeni, ana mwandiko mzuri lakini hajui chochote mpaka aambiwe. Ndiyo maana niliiandikia kila jibu. Na niliamini kwamba kilichokwisha kuandikwa ndani yake hakiwezi kuwa kosa. Hayo yote mawili niliyabeba pamoja, wala hayakugombana.

Nilipofika jedwali la tano, Neema aliyekaa kompyuta ya jirani alinionyesha namna ya kunakili mistari mitano kwa mpigo na kuibandika chini, kisha unabadilisha tarakimu tu. Kwangu ulikuwa muujiza. Niliongeza kasi. Mwalimu Gasto alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama, anatabasamu.

"Sista, umefika ya ngapi?"

"Ya saba, mwalimu."

"Duh! Komaa, komaa. Usikate tamaa."

Siku moja alitoa simu akapiga picha kioo changu, mistari imejaa juu mpaka chini. Nilikaa wima ili nionekane vizuri, ingawa picha haikuwa yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Zuhura kwamba mwalimu amependa kazi yetu mpaka ameipiga picha. Lile tabasamu nililitunza. Tangu mama afariki hakuna mtu mzima aliyesimama nyuma yangu akaangalia ninachofanya na kufurahi.

Jumamosi tuliruhusiwa kuja na wadogo zetu. Zuhura alikaa kwenye kiti changu, miguu haifiki chini, akajibu maswali kwa kidole kimoja. Kila "Safi sana Zuhura!" ilipotokea aliigusa kwenye kioo. Wiki za kwanza alikosea nusu. Baadaye theluthi. Kisha nikaanza kumsikia akiimba majibu akifagia, akimwogesha Idi, akiteka maji. Hakuangalia tena bati. Nilijiambia, mjomba atafute binti mwingine.

Mwezi wa tisa Zuhura alirudi kutoka shuleni akiwa amebana viganja vyake kwapani. Hakulia. Nilimfungua mikono nikaona vimevimba.

"Nani?"

"Madamu wa hesabu."

"Umefanya nini?"

"Ameuliza saba mara nane. Nikasema hamsini na nne. Akasema nimekosea. Nikamwambia hapana madamu, ni hamsini na nne, kompyuta imesema. Darasa zima likacheka. Akasema najibizana." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Dada, kati yao nani mwongo?"

Jibu nililitoa papo hapo, na mpaka leo linaniumiza. "Madamu," nilisema. "Kompyuta haikosei."

Na nikaenda. Kesho yake asubuhi niliacha beseni kwa jirani, nikaingia ofisi ya walimu na kanga yangu yenye madoa ya mafuta. Nilitoa shikamoo, ikaitikiwa, nikasema nilichokuja kusema: mdogo wangu amechapwa kwa jibu sahihi. Madamu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi. Alinitazama kuanzia kanga mpaka miguu.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiyo, madamu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha kwanza."

"Haya. Njoo huku, binti wa kidato cha kwanza."

Akavuta kutoka chini ya meza mfuko wa vizibo vya soda, vile wanavyohesabia wanafunzi wa darasa la kwanza, akavimwaga mezani. "Panga mistari saba. Kila mstari vizibo vinane. Usiharakishe." Walimu wengine wawili wakasogea. Mmoja akasema, "Leo tumepata mkaguzi." Nilipanga. Nikahesabu kwa sauti, maana aliniambia nihesabu kwa sauti. Nilipofika hamsini na nne, kwenye mstari wa mwisho vilibaki vizibo viwili, vinang'aa, kimoja chekundu kimoja cha chungwa. Nilivitazama nikitamani vitoweke.

"Malizia," alisema madamu.

"Hamsini na tano. Hamsini na sita."

Hakunicheka. Afadhali angecheka. Alisema tu, "Hii mtoto alikuwa anaijua mwaka jana. Mtu amemharibia."

Alasiri ile nilifungua programu yangu, nikateremka mistari mpaka jedwali la saba. Kosa nikalikuta. Siku nilipoandika jedwali hilo nilikuwa nimenakili swali la sita mara tisa, nikabandika, nikabadilisha sita kuwa saba na tisa kuwa nane, na jibu nikalisahau pale pale lilipo. Hamsini na nne, mara mbili: kwenye mstari wa kulinganisha na kwenye mstari wa kumwonyesha. Nilipomwambia Zuhura, akasema, "Mimi mara ya kwanza niliandika hamsini na sita, dada. Ikaniambia umekosea."

Kosa hilo ni langu, sikatai. Mkono wangu ndio uliochapa. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Jumamosi nilimweleza Mwalimu Gasto mbele ya wenzangu, Zuhura kasimama kando yangu. Nilitegemea atasikitika. Alicheka, akavuta kiti.

"Sista, kwani nani alikuambia uiandikie kompyuta majibu? Hii ni kompyuta. Kuzidisha inajua."

Akaichagua mistari yangu yote, ikageuka bluu kuanzia juu hadi chini, akabonyeza kitufe kimoja. Kioo kikabaki cheupe. Miezi mitatu ya alasiri. Kisha akaandika, vidole vikikimbia: namba ya kwanza itembee yenyewe kutoka mbili hadi kumi na mbili, na kwa kila hatua yake namba ya pili itembee kutoka moja hadi kumi na mbili, uliza, subiri, zidisha namba hizo mbili, linganisha, safi sana au umekosea. Rudia. Nilihesabu mistari. Ilikuwa minane.

"Umeona?" alisema. "Unaiandika mara moja, yenyewe inazunguka. Haiwezi kusahau jibu kwa sababu hukuipa jibu."

Nilielewa. Hilo ndilo lililonichoma: nilielewa mara moja. Haikuwa elimu ya mbinguni. Ingechukua robo saa siku ile nilipokuwa kwenye mbili mara tatu.

"Mwalimu, njia hii umeijua lini?"

"Hii? Hii ni ya wiki ya kwanza chuo."

"Kwa hiyo uliponikuta kwenye saba ulikuwa unaijua."

Neema akacheka kwa pua. "Wewe dada nawe! Sisi ile programu yako tulikuwa tunaiita Reli ya Kati. Kila siku tunaulizana, leo treni imefika stesheni gani?" Wengine wakaangua kicheko. Mmoja akapiga honi ya treni kwa mdomo.

"Na ile picha?" niliuliza.

"Niliwatumia washkaji," alisema Mwalimu Gasto, sasa akiangalia kibodi. "Usichukulie vibaya. Nilitaka nione utafika wapi. Una moyo, ujue. Wengine wangechoka mapema."

Mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto na shamba, nikisikia mtu akisifiwa moyo wake huwa natazama mikono ya anayesifu. Anakukuta unachota maji mtoni kwa kikombe, yeye ndoo kaificha nyuma ya mgongo, na anakuambia una mikono imara. Nilikuwa mtoto. Niliacha usingizi wa mchana, niliacha kusuka nywele, nilimwacha Idi kwa majirani, na mtu aliyejua alikuwa anapita nyuma yangu akifurahia sinema. Na vicheko vyao havikuishia kwangu. Viliishia kwenye viganja vya mtoto wa darasa la nne.

"Nifundishe," nilisema.

"Jumatatu, sista. Sasa hivi nafunga."

"Sasa hivi. Mdogo wangu amechapwa kwa sababu wewe ulitaka kuona nitafika wapi. Nimefika hapa. Sitoki."

Alitazama saa. Alitazama wenzangu, ambao sasa walikuwa wameacha kucheka. Kisha akakaa. Nilimuuliza kila mstari, huu unafanya nini, nikiuondoa inakuwaje, kwa nini huu umeingizwa ndani kidogo na ule haukuingizwa. Alipomaliza nilimwambia afute.

"Nifute tena?"

"Futa. Nitaandika mwenyewe."

Niliandika nikakosea, nikaandika tena ikagoma, mara ya tatu ikazunguka. Kisha nikamwomba kitu kimoja zaidi: namba zisije kwa mpangilio, zije ovyo ovyo, ili Zuhura asiimbe wimbo bali ajue hesabu. Hilo alinionyesha bila kucheka. Neema alibaki mpaka mwisho. Tulipotoka alinipa kipande cha muwa.

Kufuta kwenye kompyuta ni kitufe kimoja. Kwenye kichwa cha mtoto sivyo. Wiki nzima, kisha nyingine, nilimvizia Zuhura na swali lile lile, anamenya mihogo, anafunga kiatu, yuko chooni. "Saba mara nane!" Naye angesema "Hamsini na n..." halafu anajing'ata, "sita, sita, dada." Lile "n" lilikuwa kama mwiba uliovunjikia ndani. Wiki ya mtihani lilikuwa halijatoka. Asubuhi ya mtihani wa hesabu nilimpaka mafuta miguuni, akaenda.

Matokeo yalibandikwa shuleni mwezi wa kwanza. Amefaulu masomo yote, na hesabu alikuwa wa tano darasani. Sikumuuliza kama saba mara nane ilitoka.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri ndiyo kwanza imekucha, mjomba alishuka kwenye basi la Kilosa. Mkononi alikuwa na begi kubwa la zipu, limekunjwa, halina kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Zuhura amefaulu, mjomba. Hesabu wa tano."

"Nimesikia. Hongera zake." Akakaa kwenye kigoda. Zuhura alitoka ndani akiwa na sare, akapiga goti, akatoa shikamoo yake. Mjomba alimwitikia bila kumwangalia. "Mfungie nguo zake humu," aliniambia. "Yule mama wa Morogoro anamsubiri leo."

Nilidhani hajanielewa. "Mjomba, amefaulu."

"Nimekusikia. Lakini yule mama nilishamkubalia."

"Lini?"

"Toka kabla sijaja kuwaambia." Alikoroga chai. "Nilisema vile ili mtoto ajitahidi. Kujitahidi si vibaya. Si umeona amejitahidi?"

Kijiko kiliendelea kuzunguka kwenye kikombe. Nilimtazama, nikaona kwamba hana ubaya usoni hata kidogo. Alikuwa anashangaa tu kwa nini nimesimama. Zuhura alikuwa anatazama begi.

"Zuhura," nilisema, "kengele itakukuta njiani. Nenda shule."

"Wewe!" mjomba alisema. "Unanivunjia heshima?"

"Hapana, mjomba. Zuhura, nenda."

Akaenda. Mwanzo alitembea, alipofika kwenye kona akakimbia, daftari kifuani. Mjomba aliniambia mengi: kwamba nimekuwa mkubwa kabla ya siku zangu, kwamba nisimtafute mpunga ukivunwa, kwamba mama angekuwa hai angeona aibu. Nilisikiliza yote, mikono nyuma. Nilimwongezea chai. Nikamfungia mihogo ya moto kwenye gazeti ale njiani.

Basi la kurudi Kilosa lilipokaribia saa yake, nilimsindikiza mpaka stendi kama anavyosindikizwa mkubwa. Begi nilimbebea mimi, lilikuwa jepesi kama kanga. Nilimpandisha, nikampa begi lake mkononi, nikampungia mpaka basi likaingia barabarani. Heshima yake yote nilimpa. Zuhura sikumpa.